Baba Anywe Kwanza

Gothenburg, Uswidi
6 Machi 1984

Dada yangu Saleha,

Shikamoo, na mikono yako naibusu kutoka huku kwenye baridi. Mimi mzima, Birgitta mke wangu mzima, ila mamake ameteleza kwenye barafu akavunjika mkono, na sasa anakaa kwetu, anatoa amri kitini tangu asubuhi. Magoti yako je? Na yule mbuzi wako mwizi, bado anaingia jikoni mwa watu? Nisalimie jirani yako Chiku, na umwambie barua zangu uzisome wewe kwanza, ndipo yeye.

Sasa nije kwenye jambo. Dada, imekubaliwa! Yule mtoto uliyeniandikia habari zake, yatima unayemlea hapo nyumbani Mambrui, serikali ya huku imesema tunaweza kumchukua awe mwanetu, mradi na mahakama ya kwetu ikubali. Miaka kumi na miwili ya ndoa bila mtoto. Birgitta alilia mpaka mamake akamfokea.

Lakini wana sharti. Alikuja mama mmoja wa ofisi ya ustawi, akatupa daftari tupu lenye jalada la buluu. Anasema kabla mtoto hajafika, nyumba nzima ijifunze alikotoka: anakula nini, anaimbiwa nini, akiogopa anafanya nini, kwao wanamwitaje na kwa nini. Yote tuyaandike, naye atarudi kutusaili. Nikamwambia, mama, mimi mwenyewe ni mtu wa Mambrui. Akanitazama, akauliza, "Uliondoka lini?" Nikahesabu. Miaka kumi na minane.

Basi mwalimu wetu ni wewe. Tuandikie kila kitu. Na katika fomu pana mahali pa jina la baba mzazi, unitumie.

Mdogo wako,
Farjallah


Mambrui
9 Aprili 1984

Ndugu yangu Farjallah,

Marahaba, marahaba sana. Barua yako imefika Alhamisi, na Chiku kaisoma juu ya bega langu kabla sijakataa. Magoti ni yale yale. Mbuzi nimemuuza, maana angenifungisha jela. Alhamdulillahi kwa habari yako! Nimefurahi mpaka nikapika mahamri siku isiyo ya mahamri, na watoto wa jirani wakadhani kuna arusi.

Ati daftari! Mimi nilidhani mtoto hupokewa kwa mikono miwili na bakuli la uji. Haya, andikeni basi.

Anaitwa Kamaria. Ana miaka sita. Mtu mzima akiingia, ni shikamoo kwanza, ndipo mengine. Hula kwa mkono wa kulia, na halambi vidole mbele ya wageni. Asubuhi chai, mahamri na mbaazi za nazi. Mchana wali na samaki wa kupaka. Mwambie Birgitta tui zito hutiwa mwisho, tena moto uwe mdogo, la sivyo litakatika na mimi sipo wa kumwokoa. Nywele zisukwe Ijumaa kwa mafuta ya nazi. Hina sikukuu. Leso moja ya kulalia, tena kuukuu, mpya inakwaruza. Nimemtia chuoni na Alhamdu anaijua yote. Akilia mwimbieni ule wimbo wa marehemu mama, wewe unaujua, au baridi imekula na nyimbo?

Mwenyewe ni mpole, si msemaji. Ana vijitabia viwili vitatu, lakini ninamwachisha.

Fomu ijaze polepole. Jina la babake litakuja na karatasi za mahakama. Nyumba ya marehemu baba nimeiezeka makuti mapya upande wa mbele. Chumba chako hakilali mtu. Nakwambia tu.

Dadako,
Saleha


Gothenburg
20 Mei 1984

Dada Saleha,

Shikamoo. Natumai mvua za masika zimewafikia, na makuti mapya hayavuji. Huku majani yametoka na watu wamevua makoti, wanaota jua kama mijusi. Mkono wa mama mkwe umepona, lakini harudi kwake. Amesema anamngoja mjukuu.

Ungetuona ungecheka. Tui limekatika mara tatu. Mara ya nne likakubali, Birgitta akaniita nikaangalie sufuria kana kwamba ndani mna dhahabu. Kila Jumamosi tunatandika mkeka sebuleni, tunakula kwa mkono wa kulia, na mama mkwe, miaka sabini na moja, anakaa chini pamoja nasi na magoti yanalia. Neno lake analolijua ni shikamoo tu. Amempa hata mtu wa posta. Daftari limefika ukurasa wa ishirini na tisa.

Yule mama wa ofisi amekuja, akafurahi. Lakini aliniuliza maneno matatu. Babake nani? Jina la Kamaria alipewa na nani? Na je, hana bibi wala babu? Anasema kama yupo aliye hai, hata mmoja, mtoto amuage uso kwa uso, na picha ya mtu huyo iwe ukurasa wa kwanza wa daftari. Ukurasa wa kwanza tumeuacha mtupu.

Tena imamu wa msikiti wa Waturuki hapa ameniambia kulea nilee, lakini ubini wa babake nisiuondoe. Kwa hiyo nakuuliza mara ya pili, dada. Babake ni nani?

Wako,
Farjallah


Mambrui
12 Julai 1984

Ndugu yangu,

Marahaba, na Idi mbarikiwe. Tumefunga salama, tumefungua salama. Chiku kaungua mkono kwa mafuta ya sambusa, kwa umbea wake wa kupika huku anatazama barabarani.

Umeuliza sana, sasa sikia. Mtoto hana mtu. Wote wametangulia mbele ya haki. Nimeyasema hayo kwa hakimu Mombasa na sahihi nimetia, na karatasi ziko tayari. Kwa jina la baba andika Abdalla. Kamaria binti Abdalla. Sote ni waja Wake, hakuna atakayekosea.

Ukurasa wa kwanza bandikeni picha hii. Ni mimi naye, mbele ya mlango wetu. Kukunja uso kwake ni jua.

Saleha


Gothenburg
14 Januari 1985

Dada Saleha,

Shikamoo, na heri ya mwaka. Sote tu wazima. Theluji imefika madirishani. Birgitta amemfumia mtoto kofia mbili, na mama mkwe, kwa wivu, amefuma tatu.

Mwanetu ana miezi miwili nasi. Siku aliyofika Birgitta alijifunga leso juu ya koti, uwanja wa ndege mzima ukatutazama, akamwambia, "Karibu mwanangu," na mama mkwe akamwamkia mtoto shikamoo. Mtoto alijibu marahaba kwa sauti ndogo, bila kucheka. Ni mtoto mzuri, hasumbui. Hilo la kutosumbua ndilo linalonisumbua.

Samaki wa kupaka anamtazama kama sisi tunavyowatazama samaki wabichi wa huku. Siku moja nilisonga sima, uroho wangu tu, akala sahani mbili, akakwangua na sufuria. Ukimwita Kamaria hageuki mpaka mara ya tatu.

Na anamwaga. Kila kinywaji, maji, maziwa, chai, kabla hajaonja humimina tone sakafuni, kwa makini kabisa, ndipo anakunywa. Tulidhani mikono ina tatizo, tukampeleka kwa daktari, akasema mikono mizima. Basi Birgitta akaweka kisahani chini ya meza, karibu na miguu yake, kwa ajili ya zulia. Mtoto alifurahi! Ndiyo mara ya kwanza nilipoona meno yake. Sasa analenga kisahani. Tukalifungua daftari, kurasa arubaini ulizotufundisha, ukurasa baada ya ukurasa. Hakuna.

Kisha nikakumbuka shamba la baba. Wagema wa Kigiriama walipopumzika na tembo lao, walimwaga kidogo chini kwanza, ili wazee wao waliokufa wanywe, wale wanaowaita koma. Jana nikamuuliza mtoto, "Unampa nani?" Akasema, "Baba. Baba anywe kwanza."

Dada, nimeondoka zamani lakini sijasahau kwetu nani aliyeitwa bin Abdalla. Ni yule ambaye mji haukutaka kumtaja babake. Huyu mtoto ni wa Kigiriama, sivyo? Nani aliyemfundisha kumwaga, na yu hai?

Farjallah


Mambrui
18 Februari 1985

Farjallah,

Marahaba. Sote wazima. Mvua hakuna, kisima kinatoa tope, lakini riziki haikosi: nimeletewa kikapu cha mihogo na korosho, tena korosho tamu hizo, laiti ningeweza kukutumia. Chiku kapewa kiganja kimoja, anadai cha pili.

Ya mtoto usiyakuze. Watoto wana michezo yao. Hata hapa alikuwa akimwaga, nikimpiga vidole kidogo tu, si kwa kumuumiza. Samaki mkunje angali mbichi. Ataacha.

Wala usinisaili kama askari. Nimekupa mtoto. Wenzangu wakitoa kitu hupewa ahsante.

Saleha


Gothenburg
10 Machi 1985

Dada,

Shikamoo. Tu wazima.

Kikapu kaleta nani? Wewe huna mkorosho, na Chiku hana.

Baada ya barua yako nilimuuliza mtoto jina alilokuwa akiitwa zamani. Akasema, "Kamaria," haraka haraka, akaficha vidole nyuma.

Sitaandika tena mpaka unijibu. Nani kamfundisha, na yuko wapi? Nataka kumwambia mtoto kwamba mtu wake yupo, na nataka mtu wake ajue kwamba mtoto bado anakumbuka. Birgitta kila siku ananiuliza posta imeleta nini.

Farjallah


Mambrui
24 Novemba 1985

Ndugu yangu Farjallah,

Nitaanza kwa salamu, kwa sababu ndivyo tulivyofunzwa na mama, ingawa mtu kama mimi angestahili kuanza kwa kuomba radhi. Mimi mzima. Chiku mzima, na barua hii hajaiona na hataiona. Miezi minane nimekuwa nikishika kalamu na kuiweka. Kiburi kibaya, ndugu yangu. Kinakukalisha barazani unasema kesho, na kesho ikifika unasema hiyo hiyo.

Babake alikuwa Kaingu. Alitukwelea minazi miaka mingi, kisha akaenda kufanya kazi ya chumvi Gongoni. Mkewe alifariki kwa uzazi, naye akafuata kwa homa. Mtoto akabaki na bibi yake, mamake Kaingu, huko bara ya Gongoni. Bibi huyo ndiye aliyemleta kwangu, kwa miguu, kamshika mkono. Akaniambia, "Bi Saleha, kwako shule iko karibu. Kaa naye asome. Mimi nitakuwa nakuja kila mwezi kumwona." Aliniachia amana, Farjallah. Hakunipa mtoto.

Bibi anaitwa Kabibi, na mtoto anaitwa Kabibi. Kwao binti wa mwana wa kiume huchukua jina la bibi yake, na Kaingu alikuwa akimwita mtoto wake "mame", yaani mama, kwa heshima ya jina. Mimi nikaona Kabibi jina la shamba, halifai nyumba ya watu wa mjini. Nikamwita Kamaria. Akiitikia la zamani nilimpiga vidole. Akimwaga, nilimpiga vidole.

Kisha ikaja ile barua yako ya kulilia mtoto. Nikawaza: Farjallah akipata mtoto wa huku, atarudi. Atamleta aone kwao, atalala chumbani mwake, nitamsikia akikohoa asubuhi. Wallahi, sikuwa na tamaa nyingine. Nilimtoa mjukuu wa mwanamke mwenzangu ili nimpate ndugu yangu.

Na lile daftari lenu, mliponiomba niwafundishe mambo ya mtoto, nikawaandikia utoto wangu mimi. Mahamri, hina, leso kuukuu. Kwao yeye ni sima na mboga chungu ya porini. Nilijua. Nilikuwa na kalamu mkononi na nilijua, nikaandika tui.

Mtoto alipokwisha ondoka, Kabibi alikuja kama kawaida yake. Nikamwambia amekwenda Mombasa kwa jamaa zangu, kwenye shule nzuri zaidi. Akanishukuru. Akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Tangu siku hiyo kila mwezi ananiletea kikapu nimpelekee mjukuu wake, mihogo, na korosho alizobangua mwenyewe mpaka vidole vimebabuka. Nimezila, ndugu yangu. Zile nilizokuandikia kwamba ni tamu ndizo hizo.

Wiki iliyopita nilikwenda. Gari lilinishusha Gongoni, mwendo uliobaki nikautembea kwa magoti haya. Nilimwambia yote, la hakimu, la sahihi, la Ulaya. Hakupiga kelele. Laiti angepiga. Akaniambia kwamba Kaingu alikufa akiomba maji, na yeye alikuwa kisimani. Ndiyo sababu alimfundisha mtoto ampe babake kwanza. Kisha akaniuliza moja tu: "Huko wanamwitaje?"

Nikasema, "Kabibi."

Ulimi wangu umezoea, Farjallah, ulitangulia kabla yangu. Sasa nakuomba, usiniache niwe nimemwongopea tena yule mwanamke. Mwiteni Kabibi. Na mwacheni amwage. Picha ya ukurasa wa kwanza sina. Sikuthubutu kumwomba.

Nisamehe kama unaweza. Kama huwezi, vilevile niandikie.

Saleha


Gothenburg
11 Januari 1986

Dada Saleha,

Shikamoo. Sote wazima.

Barua yako niliisoma nimesimama, na koti sijalivua. Nikamtafsiria Birgitta. Akatoka nje kwenye theluji akakaa saa nzima, aliporudi akasema neno moja, kwamba tumekula wali karibu miaka miwili kumfurahisha mtoto wa mtu mwingine. Sikukutukana, dada. Nilitamani, kisha nikakumbuka kwamba nami sikuuliza vya kutosha mpaka karatasi zilipokwisha. Nilitaka mtoto.

Jumamosi tulitandika mkeka, Birgitta akasonga sima mwenyewe. Akamwita, "Kabibi." Hakugeuka. Nikamwita mimi. Akanitazama, akajibu kwa Kiswidi, maana Kiswahili sasa anakitafuta: "Kabibi ni bibi. Mimi ni Kamaria." Tukamweleza taratibu, la Kaingu, la jina, la kikapu. Alisikiliza kwa adabu, kama anayesimuliwa habari za mtoto mwingine. Kisha akachukua maziwa yake akayanywa, kikombe kizima, akafuta mdomo.

Ameacha, dada. Hatukumkataza. Ilikuwa Septemba, alipoanza shule. Siku moja alimwaga, siku mbili hakumwaga, kisha basi. Nilipokuandikia mwezi wa tatu alikuwa akimwaga kila siku. Kisahani bado kipo chini ya meza, kikavu. Birgitta anakiosha na kukirudisha pale pale.

Tutakuja Desemba, sote watatu. Likizo nimeshaomba. Tutakwenda kwanza kwa Kabibi mkubwa, ndipo tuje kwako. Mpelekee habari hiyo. Lakini la mtoto kuacha kumwaga usimwambie. Hilo nitamwambia mwenyewe, kwa kinywa changu.

Nimekusamehe nusu. Nusu nyingine ninayo bado.

Farjallah


Mambrui
19 Februari 1986

Ndugu yangu Farjallah,

Marahaba. Nusu uliyonipa nimeipokea, na Mungu akulipe. Chiku anakusalimu.

Umenikataza nisimwambie. Nimemwambia. Sitaki tena kukaa mbele ya yule mwanamke na neno nimelificha mdomoni.

Nilimkuta mlangoni kwake anabangua korosho. Kwanza nikamwambia mnakuja Desemba, akatabasamu. Kisha nikamwambia mtoto amesahau kumwaga, na akiitwa jina lake hageuki. Akaacha kubangua. Halafu akanyanyuka, akaingia ndani, akatoka na kata ya maji. Akamwaga kidogo mbele ya mlango, akanywa. Akamwaga mara ya pili. Akaniambia, "Mwandikie asisumbuliwe. Kabibi ni mmoja. Nikimwaga mimi, amemwaga yeye."

Nami nimekuandikia kama alivyosema.

Kikapu cha mwezi huu kilikuwa tayari, kimejaa, kimefunikwa kwa kipande cha leso. Nikamwambia kwamba safari hii nitakifunga vizuri, nitakipeleka posta Malindi mwenyewe, na kitafika. Akakiinua akakirudisha ndani. Akasema atampa Kabibi kwa mkono wake mwenyewe, Desemba.

Mimi hakunipa hata korosho moja, na sikuomba.

Dadako,
Saleha